Someni Wasifu Wote: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Dini na Wazee wa Koo, Tabora

Masheikh zetu, mapadre, wachungaji, na ninyi wazee wa koo za Unyamwezi,

   

Nawaandikia ninyi kwa sababu mtu akijiua katika mji huu, ninyi ndio mnaoamua atazikwa vipi. Polisi huandika maelezo, daktari huukagua mwili, kisha shughuli yote hurudi kwenu. Mnasema kama ataombewa au atapelekwa makaburini moja kwa moja, kama mikeka itatandikwa au watu wataambiwa watawanyike. Mdogo wangu alizikwa mchana uleule tuliokabidhiwa mwili wake, kabla ndugu wa Nzega hawajafika. Simtaji kiongozi yeyote na sikuja kushtaki mtu. Nina ombi, na nalisema mapema ili msilitafute mbele huko: mtu wetu akijiua, mzikeni kwa heshima zote, ruhusuni ukweli wa kifo chake usemwe, na msituache peke yetu matanga yakianuliwa.

Wasifu wa mdogo wangu ulisomwa na mjomba. Karatasi ilikuwa ya daftari, imekunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Alizaliwa, akasoma shule ya msingi, akajifunza ufundi wa baiskeli, akaoa, akajaaliwa watoto. Mjomba akafika mstari wa mwisho, akameza mate, akasoma kwamba marehemu aliugua ghafla na mauti yakamfika. Pale makaburini hapakuwa na mtu asiyejua. Vijana waliochimba kaburi walijua, majirani waliosimama mbali chini ya miti walijua, watoto waliokuja kuchungulia walijua. Tukafukia. Tangu siku ile ukoo mzima umeishi ndani ya mstari ule mmoja. Mama halisemi jambo hili, shemeji yangu halisemi, na watoto wakiuliza wanaambiwa baba aliumwa, halafu wanakwenda shuleni ambako wenzao wanawaeleza habari nyingine kabisa.

Uongo wa namna hii una historia yake katika njia yetu ya misafara. Oktoba 1873, watumishi Chuma, Susi na wenzao waliingia Unyanyembe, hapa kwetu, wakiwa wameubeba mwili wa bwana wao, Daktari Livingstone, aliyefariki miezi kadhaa kabla katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hapa walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone akiwa bado hai, pamoja na wenzake Murphy na Dillon. Huyo Dillon alikuwa tabibu. Cameron aliwashauri wamzike Livingstone hapahapa Unyanyembe, nao wakakataa. Walipoondoka kuelekea pwani, Murphy na Dillon walifuatana nao, maana Dillon alikuwa hoi: homa, kuhara, na macho yaliyokuwa yamemsumbua mpaka akakaribia kupofuka. Njiani, mahali palipoitwa Kasekera, mwezi Novemba, homa ilimpanda kichwani na yule tabibu akajiua. Wakamzika huko.

Kwa hiyo msafara ule tunaousoma shuleni kwa sababu ya Livingstone ulikuwa pia na msiba wa aina yetu. Watu wachache wanaujua.

Na hapohapo Kasekera yakatokea mengine. Wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, na wapagazi wakaona wazi kwamba mbele hawatapitishwa. Wakafanya hila. Walikata mabua ya mtama kwa urefu wa mtu, wakayaviringisha nguo mpaka yakafanana na maiti iliyo tayari kuzikwa. Wakakunja karatasi kama barua, wakaibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, kama walivyofanya matarishi wa zama zile. Wanaume sita waliobeba mzigo huo wakaondoka kwa huzuni, eti wanarudi Unyanyembe kuzika. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Walipofika mbali wakayatupa mabua porini moja moja, wakazificha nguo, kisha mmoja mmoja akaruka kutoka njiani akaingia kwenye nyasi ndefu ili asiache nyayo. Nao mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa upya ukawa kama robota la nguo, bidhaa kama bidhaa nyingine. Robota hilo likapita. Mwaka 1874 lilifika Bagamoyo, na Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa London, katika Westminster Abbey.

Siwalaumu wapagazi wale. Walikuwa na kazi ya kumfikisha mtu wao kwao, na hila ile ndiyo iliyomfikisha. Ila nimekaa na kisa hiki muda mrefu, na kila nikikisoma naiona karatasi ya mjomba. Tulizika mabua ya mtama, wazee wangu. Yule mtu aliyesomwa pale, aliyeugua ghafla, hakuwa mdogo wangu. Mdogo wangu halisi tumembeba sisi, amefungwa kama robota, tukipita katikati ya watu kwa miaka, na hatujui pwani ya kumfikishia.

Dillon naye alipata kitu ambacho mdogo wangu hakukipata. Cameron alisonga mbele mpaka Ujiji, akavuka Kongo, na mwaka 1875 akatokea upande wa pili wa bara hili, Bahari ya Atlantiki. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1877, alieleza ndani yake jinsi rafiki yake alivyougua na jinsi alivyokufa. Alimtaja kwa jina na hakuficha. Wala sijasikia aliyekisoma akasema Dillon hakuwa tabibu mwema.

Hata sisi wenyewe tunajua kufanya hivyo tukitaka. Isike, mtemi wetu wa Unyanyembe, alipozingirwa na Wajerumani wa von Prince Januari 1893, alichagua kufa kuliko kukamatwa. Miaka mitano baadaye Mkwawa alifanya hivyo huko Uhehe. Vile vilikuwa vita, na mimi simlinganishi mtemi vitani na fundi baiskeli. Wala sisifu kifo cha yeyote kati yao. Nasema tu kwamba majina yao tunayataja mchana, mbele ya watoto, na hakuna anayeshusha sauti. Kinywa tunacho.

Masheikh zangu, ninyi mnayajua haya kuliko mimi, lakini waumini wengi hawayajui, na naona vibaya yakibaki kwenu. Ipo hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumswalia mtu aliyejiua. Imamu Nawawi, ambaye wanafunzi wa madrasa zetu wanamsoma tangu utoto, ameeleza kwamba alijizuia yeye ili watu waonyeke, lakini masahaba walimswalia. Na rai ya wanazuoni walio wengi, Mashafii wakiwamo, ni kwamba mtu huyo anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa na Waislamu. Ipo pia ile ya Tufayl bin Amr, katika Sahih Muslim. Mtu wa kabila lake alihajiri naye Madina, akaugua, maumivu yakamzidi akaijeruhi mikono yake mwenyewe, akafa. Tufayl akamwota yuko katika hali njema, ila mikono ameifunika. Yule marehemu akamwambia amesamehewa kwa ajili ya hijra yake, lakini mikono imeachwa kama alivyoiharibu mwenyewe. Tufayl akamsimulia Mtume. Naye Mtume akamwomba Mwenyezi Mungu aisamehe na mikono yake pia. Laiti mama yangu angesikia kisa hiki siku ya msiba, mbele ya watu, kutoka kinywani mwa sheikh anayemheshimu. Alikisikia baadaye sana, kutoka kwangu, nami si sheikh.

Mapadre wetu, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia. Sheria ya mwaka 1983 ililiondoa zuio hilo. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu na hofu kubwa hupunguza wajibu wa mtu katika tendo lake, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, Kanisa huwaombea. Sasa kwa nini vigangoni bado watu wanaamini kwamba marehemu wa aina hii haombewi misa? Ni kwa sababu katazo lilitangazwa kwa sauti, na kuondolewa kwake kukafanywa kimyakimya. Wachungaji, makanisa yenu yana taratibu nyingi tofauti, na mara nyingi uamuzi ni wa mchungaji mwenyewe na wazee wa kanisa. Basi na uamuzi uwe wa huruma.

Kwenu wazee wa koo nina maneno magumu kidogo, nisameheni. Zipo koo ambako msiba wa namna hii haulaliwi. Watu hawalii kwa sauti. Mti unakatwa, chumba kinabomolewa, nguo zinachomwa, na huambiwi kwa nini. Najua asili yake ni hofu, nayo ni hofu ya watu wanaowapenda watoto wao: jambo hili lisirudi nyumbani. Lakini angalieni linalorudi. Binti wa marehemu anaposwa, upande wa pili unatuma watu kuuliza kuhusu damu ya ukoo ule, na posa inavunjika. Kijana wa ukoo huohuo akianza kukosa usingizi, akianza kujitenga na kuona hana thamani, hathubutu kumwambia mtu, maana ameshaona wanavyofanywa wa aina yake hata baada ya kufa. Ugonjwa huo una jina, ni sonona, na unatibika. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ipo tangu mwaka 1927, lakini sisi jina lake tumelifanya tusi la vijiweni. Kama kuna anayesoma barua hii naye yumo katika hali hiyo, namwomba leo hii amwambie mtu mmoja anayemwamini, na wafuatane hospitali iliyo karibu. Asisubiri kesho.

Nisemalo sasa ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Watu waliokuja kutupa pole walitaka kutupatia maana upesi. Mungu amempenda zaidi. Kila jambo lina sababu yake. Yaliyoandikwa yameandikwa. Najua waliyasema kwa wema. Lakini mimi, kwa upande wangu, sikuona maana yoyote katika kifo kile, na bado siioni. Alikuwa mgonjwa, ugonjwa ulimdanganya, tukampoteza. Swali la kwa nini nimelizungusha usiku na mchana mpaka likaisha makali bila kujibiwa, na sidhani litajibiwa.

Maana ilianza kuja kwa mlango mwingine. Mdogo wangu alikuwa na kijiwe chake cha ufundi chini ya mwembe: sanduku la bati, pampu, karai la maji la kutafutia matundu ya tyubu, na kile chuma chake cha kukazia spoku ambacho mpini wake ulikuwa umelainika kwa jasho la mkono. Alipokufa, baiskeli za watu zilibaki pale, nyingine zimefunguliwa, nyingine hazina gurudumu. Kwa siku kadhaa wenyewe hawakuja kuzichukua. Waliona aibu kutukabili. Wakaanza kuja mmoja mmoja, jioni, wakizungumza chinichini. Bibi mmoja anayeuza mihogo alikuja na noti iliyokunjwa ncha ya kanga, akasema ni deni. Nikamwambia aliache tu. Akakataa. Akakaa juu ya sanduku la bati, akaanza kusimulia jinsi mdogo wangu alivyomnyooshea mjukuu wake rimu iliyopinda siku moja kabla ya mtihani, usiku, kwa mwanga wa simu, na asubuhi akakimbia kuipeleka yeye mwenyewe ili mtoto asichelewe. Alisimulia mpaka ule ucheleweshaji wote ambao wateja walizoea kumtania mdogo wangu ukawa kichekesho, nasi tukacheka. Kisha akanitazama machoni akaniuliza, "Mwanangu, alijiua kweli?" Nikamjibu, ndiyo mama, alijiua. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu asiye wa damu yetu. Akasema, "Maskini mtoto yule, kumbe alikuwa anaumia." Hakuondoka. Aliendelea kukaa.

Tangu hapo nilijua tulichonyang'anywa makaburini. Tulinyang'anywa maisha yake yote. Kwa kuficha siku yake moja ya mwisho, ilitubidi tufiche na zilizotangulia, maana ukianza tu kumsimulia, mazungumzo yatafika kule. Basi tukanyamaza yote. Aliishi miaka thelathini na zaidi, akalipia watu ada, akacheza mpira uwanja wa shule, akamfundisha kazi kijana asiyesikia mpaka naye akawa fundi, na haya yote yalifukiwa pamoja na mstari mmoja wa uongo. Ukweli uliposemwa, vyote vikarudi. Shemeji yangu alianza kuwasimulia watoto habari za baba yao. Mkubwa alipouliza tena alikufaje, mama yake alimwambia, kwa maneno ya umri wake, kwamba baba alikuwa na ugonjwa unaoumiza mawazo, ukamzidi, akajitoa uhai, na kwamba wao hawakufanya kosa lolote. Mtoto alilia sana. Wiki ileile alirudi kucheza na wenzake.

Na sisi wenyewe tumeanza kutembeleana. Tukisikia kuna nyumba imepatwa, tunakwenda: mimi, mama mmoja wa upande wa Kipalapala aliyempoteza binti yake, na mzee mmoja mstaafu wa reli aliyempoteza mke. Wakati mwingine huongezeka wengine. Tunabeba sukari na unga kama watu wengine wa msibani. Hatuna mafunzo, na hatutoi mawaidha. Tunasema tu, nasi yalitupata, na mtu wetu anaitwa fulani. Nimeona mwanamume mzima, aliyekaa wiki nzima bila chozi, akiinamisha kichwa kwenye magoti ya yule mstaafu wa reli baada ya kusikia sentensi hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kila mmoja ameacha nyumba. Mkiniuliza maana nimeiona wapi, nimeiona kwenye mikeka ya nyumba hizo. Haimrudishi mdogo wangu. Lakini inamfanya aendelee kuwa na kazi kati ya watu.

Kuna jambo la sheria pia, na wabunge wanawasikiliza ninyi kuliko wanavyotusikiliza sisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tulilirithi hilo kwa Waingereza. Wenyewe walilifuta kwao Agosti 1961, na Desemba ya mwaka huohuo sisi tukapata uhuru tukiwa nalo mkononi, na bado tunalo. Ghana wamelifuta mwaka 2023. Kwa jirani zetu Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba. Matokeo ya kifungu kama hiki tunayaona majumbani: mtu akiokolewa, jamaa wanaogopa kumpeleka hospitali wakihofia polisi, wanamfungia ndani na kumpa maziwa na dua. Dua naiheshimu. Lakini mtu yule alihitaji daktari usiku uleule, na daktari wa kuongea naye wiki zote zilizofuata. Ninyi mkisema hadharani, msikitini na kanisani, kwamba mtu huyu ni mgonjwa wa kuhudumiwa, Bunge halitaona shida kulisema baada yenu.

Basi naomba mfanye haya msiba mwingine ukitokea. Mfike nyumbani kabla mwili haujaondoka, mkae karibu na mama wa marehemu, watu wawaone mmekaa. Simamieni swala au ibada ninyi wenyewe, msiwatume wanafunzi. Iacheni familia iamue itasema nini; ikitaka kusema kweli, mtu yeyote asiizuie, na isome wasifu wote, na baiskeli zote alizotengeneza. Msielezee namna alivyokufa, hilo halimsaidii aliye hai na laweza kumdhuru aliye dhaifu. Wazee, mikeka itandikwe na watu walale. Na baada ya arobaini, turubai likiwa limerudishwa na sufuria za kukodi zimeoshwa, mrudi tena, mara hii bila maikrofoni, mpige hodi.

Nyumba za kuanzia tunazijua. Mkituita tutawapeleka, hata wiki hii.

Wenu, mwenye kuwaheshimu,

Kaka wa marehemu,
Tabora